Joto la Kiti cha Nyuma

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa gereji, nikiwa nimemnyooshea kidole mtu mwenye umri wa baba yangu mbele ya wateja wake wanne. Leo nitaeleza kilichofuata. Ninaomba msiwe wepesi kunionea huruma, kwa sababu katika yote niliyokwisha kuyaandika hapa, hili ndilo ninaloliona aibu zaidi.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Figo za mama yangu zimechoka, na kila Jumanne na Ijumaa lazima apelekwe hospitali kusafishwa damu. Akikosa zamu moja, miguu huvimba na pumzi humpungua. Akikosa mbili, daktari alituambia bila kuzunguka, tusihesabu ya tatu.

Hospitali iko mwendo wa dakika arobaini, na gari linalompeleka ni la baba. Alilinunua kabla hajamwoa mama. Ndiyo maana nyumbani gari hilo huitwa Bi Mkubwa, na mama humwita mke mwenza. Mlango wake wa nyuma wa kulia haufunguki kwa ndani. Baba hushuka, huzunguka, humfungulia mama kama dereva wa malkia. Mama huipenda kasoro hiyo, na ameikataza isitengenezwe.

Miezi miwili iliyopita, fundi wetu wa miaka yote, tunayemwita Fundi Miwani, alibadilisha pampu ya mafuta, ambayo imefungwa juu ya tangi, chini ya kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo Bi Mkubwa akaanza kuzimika njiani.

Tena alizimika mama akiwemo tu. Baba akienda dukani peke yake, gari ni zima. Mjomba wangu, kaka yake mama, akiliazima kutwa nzima, gari ni zima. Mama akiketi nyuma, hazitimii kilomita kumi, kimya.

"Wivu huo," Mjomba alisema. "Bi Mkubwa amevumilia miaka ishirini na tano, sasa amechoka."

Tulicheka. Lakini jirani yetu hakucheka. Alimwita mama pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu hataki afike hospitali, na kwamba yeye anamjua mtu wa kutazama mambo hayo.

Nilikasirika sana. Nilimwambia mama kwamba gari ni nyaya na mafuta, halijui nani amekaa wapi. Nikapiga marufuku mezani kwetu maneno "mama akiwemo". Nawaomba mlikumbuke katazo hilo.

Kisha nikaenda gereji na baba, nikamshutumu Fundi Miwani kwamba ametufungia pampu ya bandia. Hakujitetea. Alisema tu, "Binti, nipe nusu saa nifungue kiti cha nyuma."

Niliona anataka kuficha ushahidi. Nikamjibu, "Hufungui kitu tena kwenye gari letu."

Baba alisimama kando, ameinamisha kichwa. Hapo ndipo tulipoachana.

* * *

Jumatatu asubuhi Bi Mkubwa aligoma uani, hakuna mtu ndani isipokuwa baba.

Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa uchungu, lakini ndilo la kweli. Gari limegoma bila mama, jirani ameumbuka.

"Baba, washa funguo, usipige stata. Ishia taa za dashibodi."

Nililaza sikio kwenye kiti cha nyuma. Pampu nzima hunguruma kama sekunde mbili funguo inapowashwa, kisha hunyamaza kungoja injini. Hii haikunguruma kabisa.

"Zima. Washa tena."

Kimya. Ila kule mbele, kwenye boksi la fyuzi, nilisikia mlio mdogo: tik.

"Umesikia, Mjomba?"

"Nimesikia tumbo langu. Tutakunywa chai saa ngapi?"

"Ile tik ni rilei. Funguo hutoa umeme mdogo, rilei huupokea, kisha hufungulia umeme mkubwa uende kwenye pampu. Inalia, maana yake inafunga. Sasa nataka kujua kama inapitisha."

Nilikuwa na taa ya majaribio ya Fundi Miwani, kijiti chenye balbu ndogo mpinini na waya mkiani, aliyoisahau kwetu siku moja alipokuja kumkwamua mama. Nilibana mkia wake kwenye chuma cha gari. Nikagusa mguu wa rilei unaopokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi: balbu ikawaka. Nikagusa mguu unaokwenda kwenye pampu, baba akawasha funguo: tik, na giza.

"Umeme unafika hapa," nilisema, "na unafia hapa. Kati yake ni rilei."

Niliigonga rilei hiyo kwa mpini wa bisibisi. Chini ya kiti cha nyuma pampu ikanguruma. Baba alinitazama kupitia kioo cha mbele, na mpaka leo sijapata kutazamwa vile tena.

"Binti yangu," alisema, "yaani umeigonga tu?"

Niliichomoa, nikafungua kifuniko chake kwa kisu. Kwenye shina la mguu mmoja, pale lehemu inapoushika, palikuwa na ufa mwembamba wa duara, kama uzi mweusi. Mguu huohuo ulikuwa umegeuka rangi, na plastiki inayouzunguka ilikuwa ya kahawia.

"Na huu ukahawia?" baba aliuliza.

"Uzee," nilisema.

Neno moja. Sikulifikiria hata muda wa kulitamka.

* * *

Duka la vipuri lilisema rilei ya gari la umri ule itafika Ijumaa mchana. Kesho yake ilikuwa Jumanne, zamu ya mama.

Nilichukua kipande cha waya, nikauziba mwanya wa rilei: ncha moja kwenye tundu la umeme unaoingia, nyingine kwenye tundu la pampu. Mafundi hufanya hivyo kila siku kwa safari fupi. Fyuzi niliiacha mahali pake. Pampu ikanguruma, injini ikawaka, Mjomba akapiga makofi.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi mama alitoka na blanketi zake mbili. Baba akamfungulia mlango. Mama akaketi, injini ikiwa imeshawashwa.

Injini ikakohoa, ikazima.

Nilifungua boksi. Fyuzi ya pampu ilikuwa imekatika, kioo chake cheusi ndani. Baba akamfungulia mama, akashuka kutupisha. Nikaweka nyingine kutoka kopo la Mjomba. Pampu ikanguruma vizuri kabisa.

"Panda, mama."

Akapanda. Akakaa vizuri, akavuta blanketi. Fyuzi ya pili ikakatika.

Mjomba alifungua kinywa, akamtazama mama, akakifunga.

"Niacheni leo," mama alisema polepole. "Labda jirani hasemi uongo."

"Mama, usiseme hivyo."

"Sasa nisemeje? Nikishuka linawaka. Nikipanda linazima. Wewe ndiye msomi, niambie nisemeje."

Wasomaji wangu, jibu lilikuwa mbele yangu, limevaa blanketi mbili, linanitazama. Nilichokiona mimi ni uchawi unaotaka kuingia nyumbani kwetu kupitia dirisha, na nilikuwa na dakika kumi za kuufungia dirisha.

"Kopo la Mjomba ni la fyuzi mbovu," nilisema. "Nipeni kisu."

Nilikata waya mnene, ule mzuri uliobaki tulipofunga taa za jikoni. Niliutoa kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye tundu la pampu. Bila rilei. Bila fyuzi. Kwenye ncha ya betri nikaweka kibano cha kuchomeka, chenye mpira mwekundu.

Msifikiri sikujua fyuzi ni ya nini. Nimefanya mtihani juu yake. Nilipata alama tisini na moja.

"Baba, sikiliza. Sasa funguo haiizimi pampu. Kila ukisimama, toa kibano hiki kwenye betri, ukichomoe kwenye waya, ukae nacho. Ukitaka kuondoka, kibane. Rudia."

"Nikisimama natoa. Nikiondoka nabana."

"Tena."

"Mheshimiwa mhandisi, nikisimama natoa, nikiondoka nabana."

Alikibana. Pampu ikanguruma, na mama akiwa ndani, ikaendelea kunguruma. Injini ikashika. Mama alinipungia mkono kupitia kioo, na nilipomwona akicheka nilijiambia kwamba elimu imeshinda nyumbani kwetu.

* * *

Walirudi salama saa kumi.

Mama hurudi kutoka hospitali akitetemeka. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, mwili mzima hupoa. Siku hiyo aliingia ndani bila kutetemeka, akaketi, akaomba chai.

"Leo sikusikia baridi," alisema.

"Mashine ilikuwa tofauti?"

"Mashine ileile. Ni mke mwenza amenihurumia. Kiti kilikuwa na joto zuri, hapa kiunoni, kama mtu ameniwekea chupa ya maji ya moto. Nimelala njia nzima."

"Basi wivu umeisha," Mjomba alisema. "Sasa wanatunzana."

Tulicheka wote wanne. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ijumaa asubuhi mama alitoka na blanketi moja. Baba akamuuliza ya pili iko wapi.

"Ya nini? Nina joto langu."

Baba akabana kibano chake, akanipigia saluti. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ile ya zamani, ambayo hainyanyuki lakini haipingwi, "Na leo taa ya watu irudi. Umemvua mtu nguo, usimchukulie na kifaa."

Niliahidi.

* * *

Nilitoka darasani saa nane, nikapitia dukani kuchukua rilei mpya, nikafika gerejini saa tisa kasorobo. Mkobani nilikuwa na taa ya majaribio, rilei mpya, na ile ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa. Nakiri kwamba ile ya zamani ndiyo niliyokuwa na hamu nayo. Nilitaka Fundi Miwani aione. Nilitaka akiri kwamba nimeona alichoshindwa kukiona.

Alikuwa ameinama kwenye injini ya mtu. Hakuinuka.

"Umekuja kunimalizia?"

"Shikamoo, Fundi. Nimekuja kurudisha taa yako."

"Marahaba. Weka hapo."

"Na kukuonyesha hiki."

Akafuta mikono taratibu, akavaa miwani yake, ile ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa waya wa shaba. Akaigeuza rilei kwenye mwanga.

"Umeifungua mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ukauona ufa mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kazi nzuri. Wengi hawauoni."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, kwa kejeli, kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikakosa pa kutazama.

"Na huu ukahawia umesema ni nini?"

"Uzee."

"Hapana, binti. Uzee utapasua lehemu, sawa. Hautakaanga plastiki. Hii imebebeshwa umeme mwingi kuliko unaoliwa na pampu. Kwa wiki kadhaa. Huo uliozidi ulikuwa unakwenda wapi?"

Aliuliza kama wanavyouliza walimu wazuri, bila haraka, na hilo ndilo lililoanza kunitisha.

"Fyuzi zilikuwa zinasemaje?"

"Zilikatika mbili. Jumanne."

"Zilikatika wakati gani?"

"Wakati mama ali..."

Maneno niliyoyapiga marufuku mezani kwetu yalikuwa yametoka kinywani mwangu mwenyewe.

"Malizia," alisema Fundi Miwani.

"Mama alipoketi."

Akaiweka rilei juu ya meza. Akakunja ngumi, akaiweka juu ya kifundo cha mkono wake mwingine, akakandamiza.

"Siku niliyofunga pampu, nilipokirudisha kiti, mguu wake mmoja ulipinda. Waya wa pampu unapita chini ya mguu huo. Niliuona, nikauzungushia tepu, nikamwambia mzee alilete gari Jumamosi yoyote akipata nafasi, nivute waya mpya. Ningeuvuta siku ileile. Hilo kosa ni langu, nalijua." Akakandamiza tena. "Mtu mzima akikaa pale, kiti kinashuka. Mguu unaukanyaga waya, chuma kinaugusa shaba. Shoti. Akinyanyuka, unaachia. Hutaona kitu."

"Baba akiwa peke yake..."

"Nyuma hakai mtu."

"Jumamosi ipi alilileta?"

Alinitazama juu ya miwani.

"Ile uliyokuja naye."

Nusu saa, alikuwa ameomba. Afungue kiti cha nyuma.

"Basi vizuri," alisema, akigeuka kurudi kwenye injini yake, "fyuzi zinakatika, zinamlinda mama. Mwambie mzee asiendeshe kwanza. Ameweka fyuzi ya ngapi sasa?"

"Hakuna fyuzi."

Mkono wake uliokuwa unatafuta spana ukasimama.

"Unasemaje?"

"Nimetoa waya kwenye betri. Moja kwa moja. Tangu Jumanne."

"Na mama amekaa pale?"

"Amekaa." Nikasikia sauti yangu ikisema kilichosalia, kama mtu mwingine anayesoma taarifa. "Alisema kiti kina joto. Alisema ni joto zuri."

Fundi Miwani alitazama saa ya ukutani. Tisa na dakika ishirini.

"Kofia ile pale," alisema. "Vaa."

* * *

Simu ya baba haikupatikana. Akishika usukani huizima. Ni nidhamu yake, na nimewahi kuisifu mbele ya rafiki zangu. Maana yake walikuwa wameshatoka hospitali. Mama haendi na simu siku za kusafishwa damu. Huiacha juu ya kabati.

Nilimpigia Mjomba.

"Wakifika hapo, mama ashuke kwanza. Kabla ya neno lolote. Mvute."

"Kuna nini, mpwa wangu? Wivu umerudi?"

"Kiti kinaungua, Mjomba."

Nikasikia kiti chake kikianguka, kisha lango likifunguliwa.

Pikipiki ya Fundi Miwani ni kuukuu, lakini haikukohoa hata mara moja. Tulichukua barabara ya hospitali, tukiwa tunakwenda kukutana nao. Mimi nyuma nilikuwa natazama kila gari linalokuja upande wa pili, nikitafuta sura ya Bi Mkubwa, taa zake mbili za duara na boneti lililopauka. Fundi aliuliza maswali kwa kupaza sauti juu ya bega.

"Waya wako mnene?"

"Mnene. Wa taa za nyumbani. Nilichagua mzuri."

Akaongeza mwendo.

"Ungechagua mbaya," alisema. "Waya mwembamba ungeungulia mbele, mzee akaona moshi akasimama. Mnene haudhuriki. Ule wa gari ndio utakaoungua. Kule nyuma."

"Na tangi liko..."

"Usiniulize habari za tangi. Tazama magari."

Nilitazama magari. Basi la shule. Gari la mizigo lenye magodoro. Gari jeupe, gari jeupe, gari jeupe. Kichwani nilikuwa nafanya hesabu ambayo sikuitaka: umeme mara mbili, joto mara nne, umeme mara tatu, joto mara tisa. Niliwahi kuiandika kanuni hiyo ubaoni nikiwaonyesha wenzangu jinsi ilivyo nzuri.

"Lile," Fundi alisema.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama pembezoni, upande wa pili wa barabara, boneti limeinuliwa.

Lakini hakukuwa na moshi. Hakukuwa na watu waliokusanyika. Palikuwa na baba tu, amesimama kwenye mlango wa nyuma wa kulia ulio wazi, ameshika kikombe cha chupa ya chai, na mkono mwembamba wa mama ukikipokea. Alikuwa ameomba kinywaji. Baba akasimamisha gari ili anywe kwa raha. Hilo tu.

Na katika mkono mwingine wa baba, hata kutoka pale nilikiona, kulikuwa na kitu chekundu.

"Ametoa kibano?" Fundi aliuliza. Macho yake hayafiki mbali.

"Ametoa. Anacho mkononi."

"Mungu ni mkubwa. Kumbe umemfundisha vizuri."

Alizima pikipiki. Nilivua kofia, na upepo ulipogusa uso wangu niligundua kwamba nimekuwa nikilia tangu gerejini. Sasa ilibaki barabara tu. Nivuke, nimfungulie mama, nimkalishe mbele, kisha nipige magoti mbele ya watu wote watatu, nianze na yeyote watakayemchagua.

Lakini upande wetu malori yalikuwa yanapita kwa mfululizo, mkia wa moja kwenye pua ya jingine, yamebeba mchanga. Nilisimama ukingoni. Likapita moja, nikajaribu kuvuka, nikarudi. Fundi alinishika mgongoni kwa nguo.

"Subiri. Kibano kiko mkononi mwake. Hakuna haraka."

Kati ya lori na lori nilimwona baba akipokea kikombe kitupu. Akamfunika mama blanketi yake moja, akaikunja vizuri chini ya miguu. Akafunga mlango, ule usiofunguka kwa ndani.

Kisha akaanza kutembea kuelekea mbele ya gari.

"Baba," niliita.

Lori.

"Baba, usibane."

Lori jingine. Lilipopita alikuwa amesimama mbele ya boneti, na kitu fulani kilimfanya atazame upande wetu. Akaniona. Aliniona mimi na Fundi Miwani tumesimama pamoja, na uso wake ukafunguka wote. Nadhani alifikiri tumepatana, na tumekuja kumwonyesha. Nilipunga mikono yote miwili. Alinipungia.

Halafu, ili nione kwamba hakusahau, akainua kibano chekundu juu hewani, kama mwanafunzi anayejua jibu. Midomo yake ikatamka kitu, polepole, ili nikisome kutoka mbali. Nilikisoma.

Nikiondoka nabana.

Akainama.

Fundi Miwani aliachia nguo yangu. Sikusikia pampu, malori yalikuwa yananguruma. Lakini nilimwona mama. Alikuwa amejilaza kwenye kioo, macho amefumba, mkono wake mmoja ukipapasa kiti nyuma ya kiuno, kama mtu anayetafuta kitu kilichokuwa kimepoa. Ulipapasa, ukatulia. Alikuwa amekipata. Akatabasamu, akavuta blanketi hadi shingoni.

Kisha, nyuma ya bega lake, kioo kikaanza kuwa cheupe kwa moshi.